Mwanamke Asiyevaa Saa

Foleni ya benki ilikuwa imefika mlangoni, na fundi saa, kijana wa shati lililopigwa pasi kwa pupa, alikuwa amechoka kusimama. Masikio yake ndiyo hayakuchoka. Yalinasa kitu mbele yake: tiki, tiki, tiki.

"Samahani dada, saa yako inakimbia. Niletee niirekebishe."

Mwanamke wa mbele akageuka. Gauni lake la kijani lilishonwa na mtu anayejua kazi, na kola ilipanda hadi shingoni ingawa jua lilikuwa linachoma.

"Sivai saa, kaka." Akamwonyesha mikono mitupu, akacheka. "Unachosikia ni moyo wangu. Nilipasuliwa, nikawekewa vali ya bandia. Nayo utairekebisha?"

"Hiyo naiogopa. Lakini kuisikiliza naweza, tena bure."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukuisha, mtaa mzima ukajua kwamba fundi saa na dada yule, ambaye kumbe alikuwa mshonaji, hawapitishi siku bila kuonana. Fundi saa akambandika mpenzi wake jina la Tiki, na kila saa kumi na mbili jioni alimpigia simu.

"Umemeza, Tiki?"

"Nimemeza, bosi wangu."

"Toa ulimi nione."

"Kwenye simu? Umerogwa wewe!"

Kidonge kilikuwa kimoja kila siku, maisha yake yote, cha kuzuia damu isigande kwenye vali. Tiki alimwambia mapema pia kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. "Fikiri vizuri, usije ukanilaumu." Fundi saa akajibu papo hapo kwamba amempenda yeye, siyo tumbo lake.

Fundi saa alipompeleka kwa mama yake, mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho wa chakula. Tiki akakusanya sahani kwenda kuziosha. Mama akamsogelea mwanawe.

"Mwanangu, mjukuu nitampata lini?"

"Utampata, mama. Tulia tu."

Alisema hivyo ili mama anyamaze, kama alivyozoea kuwaambia wateja kwamba saa zao zitakuwa tayari kesho. Hakujua kwamba Tiki alikuwa amerudi mlangoni kuchukua bilauri.

Kwa wiki tatu simu zilijibiwa, ila utani ulikwisha. "Umemeza?" "Ndiyo." Basi. Wivu ukamwingia fundi saa, akaanza kujiuliza ni nani anayemchekesha siku hizi. Jumapili mchana akaenda kumuuliza. Alimkuta kwenye cherehani, gauni la bibi harusi wa watu mapajani, anahema kama aliyepanda ngazi.

"Una mwingine?"

"Sina nguvu ya kubishana, mpenzi. Njoo unisikilize tu."

Akalaza sikio kifuani. Sauti ilikuwepo, lakini imefifia, kama saa iliyofungwa ndani ya blanketi. Hofu ikamshika.

"Tiki, dawa unameza?"

Machozi yakamtoka. "Ulimwahidi mama mjukuu. Nikaona dawa ndiyo inayotuzuia. Niliacha siku ileile."

"Nilikuwa namnyamazisha mama tu!"

Tiki alitaka kujibu, maneno yakamkwama. Mkono wake wa kulia ukateleza kutoka kwenye gauni, ukaning'inia.

Hospitalini, daktari hakupaza sauti. Damu ilikuwa imeganda kwenye vali, na kipande kimepanda kichwani. "Mngekuja kuniuliza," alisema. "Anayetaka mtoto tunampangia dawa na kumwangalia kwa karibu. Haachi mwenyewe." Fundi saa alilia pale kwenye benchi bila kujali watu. Majuto ni mjukuu, na huyo ndiye mjukuu aliyempatia mama yake.

Tiki akapona, isipokuwa ule mkono. Cherehani ikafunikwa shuka. Jioni ya kwanza aliyorudi nyumbani, saa kumi na mbili, simu ikalia.

"Umemeza?"

"Nimemeza." Ulimi ulikuwa bado mzito.

"Nataka kukuoa, Tiki."

"Na mimi unaninyamazisha, kama mama?"

"Mama nimemwambia ukweli wote leo. Amelia sana."

Tiki akaisogeza simu kifuani kwa mkono wa kushoto. Fundi saa akaziba sikio la pili, akasikiliza huku akilia: tiki, tiki, tiki. Ilikuwa inapiga sawasawa.

"Nitakupigia kesho," alimwambia, na safari hii haikuwa kesho ya wateja.