Mapipa ya Mtaa wa Marriwell

Kila Jumamosi asubuhi Tegan alijua atakapokuwa: kwenye kiti cha mbele cha gari la baba yake, wakizunguka vitongoji vya pembeni mwa jiji la Perth, Australia, kutazama nyumba zinazouzwa. Wenzake darasani walikuwa viwanjani au ufukweni. Yeye alikuwa akivua viatu mlangoni mwa nyumba za watu, kisha anatembea kwa soksi juu ya sakafu inayonuka rangi mpya huku dalali akimweleza baba habari za kabati za jikoni. Kila nyumba hufunguliwa nusu saa tu. Ikiisha wanakimbilia nyingine, na mchana wanakula soseji iliyoviringishwa kwenye mkate, wamekaa garini, hakuna anayesema kitu.

Familia yao wenyewe iliishi nyumba ya kupanga, na nyumba waliyotafuta haikuwa ya kukaa. Ilikuwa ya kupangisha, ya kwanza katika maisha yao. Mama yake, Sharelle, aliendesha lori kubwa kwenye mgodi wa chuma kaskazini kabisa. Wiki tatu alikuwa huko, wiki moja nyumbani, na wiki hiyo moja nusu yake aliimaliza kwa usingizi. Mpango ulikuwa huu: wapate nyumba katika kitongoji kinachokua, mpangaji alipe kodi, kodi ilipe benki, na Mama aache mgodi arudi nyumbani moja kwa moja. Kwa hiyo Tegan hakujali kitongoji kinakua au kinanywea. Alitaka nyumba ipatikane, basi.

Baba yake, Glenn, alikuwa fundi bomba, mtu mwangalifu mpaka anachosha. Hakuridhika na maneno ya madalali. Alitaka kujua treni itafika lini, shule iko wapi, na kama bado kuna ardhi tupu ambayo kesho itajengwa nyumba nyingine mia zimharibie soko. Zaidi ya yote alitaka kujua kama watu wanaishi pale kweli. Ndiyo maana kitongoji cha Marriwell kilimvutia. Jumamosi waliyokwenda, magari yalijaa pande zote mbili za barabara. Dalali, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, alisema nyumba zote za mtaa ule zina wapangaji, na stesheni ya treni inakuja wakati wowote.

"Hiyo 'wakati wowote' ndiyo inayonitisha," Baba alimnong'oneza Tegan. Lakini alikuwa anatabasamu, na Tegan hakuwa amemwona akitabasamu tangu Mama aondoke.

Likizo ya shule ikafika, na bahati ikaleta kazi ya mabomba mtaa wa pili kutoka Marriwell. Jumatano Baba akamchukua Tegan, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia. Kabla ya kazi walipita Marriwell saa moja asubuhi. Ilikuwa siku ya taka. Mbele ya kila nyumba palikuwa na pipa lake la magurudumu, limesimama ukingoni mwa barabara kungoja lori la taka. Hakuna nyumba iliyokosa. Baba alisimamisha gari katikati ya njia, akacheka peke yake. Alisema dalali anaweza kupika maneno na gazeti linaweza kupika takwimu, lakini taka hazipikwi, maana nyumba yenye taka ina watu. Siku hiyo hiyo akampigia dalali simu kwamba Jumamosi atakuja kutia sahihi ya kuinunua nyumba waliyoitazama.

Mchana Tegan alichoka kukaa garini. Baba akamruhusu azunguke karibu, naye akarudi Marriwell kwa miguu, maana alitaka kuiona tena nyumba itakayomrudisha mama yake. Jua lilikuwa kali na mtaa ulikuwa kimya. Hakuna mbwa aliyebweka, hakuna baiskeli iliyotupwa uani. Mtu mmoja tu alionekana, bibi kizee mwenye kofia pana, anavuta pipa kulirudisha uani. Alipomaliza nyumba ile, akavuka barabara akashika pipa la nyumba nyingine. Kisha nyingine.

Tegan alimsaidia. Lori la taka lilikuwa limeshapita, hivyo pipa lilimfuata jepesi. Alifunua kifuniko. Ndani palikuwa pakavu na safi, hata harufu hakuna, kama pipa lisilowahi kutiwa taka.

Bibi akajitambulisha kuwa anaitwa Pascoe, akaeleza bila kuulizwa, kama watu waliokaa muda mrefu bila wa kuzungumza naye. Nyumba zile karibu zote zilikuwa tupu. Wenye nyumba walikuwa Sydney na Melbourne, miji ya mbali upande wa mashariki, wamenunua wakingoja stesheni, na wapangaji hawakuja. Majira ya joto wezi walivunja nyumba mbili wakang'oa hata mabomba. Tangu hapo, kila Jumanne jioni, yeye huyatoa mapipa yote, na Jumatano huyarudisha, ili mwizi akipita adhani mtaa una watu. Na yale magari ya Jumamosi yalikuwa ya wanunuzi, waliokuja kutazamana wenyewe kwa wenyewe.

"Nami nikiyaona yamepangwa hivyo asubuhi," alisema, "hujidanganya kidogo kwamba nina majirani."

Alimkaribisha chai. Tegan alikataa kwa adabu na kuondoka haraka. Alijua vizuri alichokisikia. Alijua pia kwamba akimwambia Baba, hakutakuwa na sahihi, na Mama atabaki mgodini. Alipofika garini Baba akamuuliza mtaa ukoje. Tegan akasema ni mzuri.

Alhamisi jioni Mama alipiga simu ya video kutoka chumbani kwake katika kambi ya mgodi, chumba chenye kitanda na dirisha moja tu. Alikuwa na furaha. Alisema Jumatatu atamwambia bosi wake kwamba anaacha kazi. Baba akapiga makofi. Tegan naye akapiga, kisha akaenda chumbani kulala mapema. Hakuwa na wa kumweleza. Ukiwa na siri ya namna ile, hata ukiwa na watu wanaokupenda, unakuwa peke yako, na Tegan aliuonja upweke huo siku mbili nzima.

Jumamosi wakakaa mbele ya dalali ofisini kwake. Makaratasi yalikuwa mezani. Baba alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati la kola. Alishika kalamu, akavuta karatasi ya kwanza.

"Baba," Tegan alisema, "yale mapipa yalikuwa matupu."

"Mapipa gani?"

Akasema yote, macho chini. Dalali akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana hadithi. Baba hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaomba saa moja, akamshika Tegan bega wakatoka, wakaendesha hadi Marriwell.

Bibi Pascoe aliwapokea mlangoni akiwa na malapa miguuni, na hakuficha neno. Aliwatembeza mtaa mzima, wakachungulia madirishani: vyumba vitupu, vipeperushi vimejaa kwenye masanduku ya barua. Alimwambia Baba kwamba angefurahi sana kupata jirani, lakini si kwa kumwumiza mtu.

Waliporudi garini Baba hakuwasha injini.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Na kalamu nimeshika leo. Kwa nini, Teg?"

"Nilitaka Mama arudi."

Baba aligeuza uso dirishani. Tegan aliogopa kwamba atagombezwa, kisha akaona baba yake anafuta macho, akaogopa zaidi. Baba alitoa simu akampigia mkewe. Alimweleza yaliyotokea kwa hasira kidogo na aibu kidogo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeyaamini mapipa. Kisha akampa Tegan simu na kushuka garini.

"Sikiliza, mwanangu," Mama alisema. "Nyumba isiyo na mpangaji, benki haiisamehi. Ningerudi nyumbani mwezi mmoja, halafu ningepanda ndege kurudi huku mgodini kuilipia hiyo nyumba mpaka umalize shule. Umeniokoa na hilo. Lakini umekaribia mno kuchelewa."

"Samahani, Mama."

"Kila jioni nikikuuliza hali, unaniambia unaendelea vizuri. Na hiyo nayo ni kweli?"

 Tegan alitaka kusema ndiyo, kama siku zote.

"Hapana," alisema. "Niko mpweke. Jumamosi zote ni mimi na Baba, na Baba naye haongei. Nyumba iko kimya, Mama."

Upande wa pili Mama akapenga kamasi.

"Hata mimi huwa nakuambia niko salama, halafu nakata simu nalia," alisema. "Tumekuwa tunalindana kwa uongo, wewe na mimi. Usinifiche tena ukweli kwa sababu unanipenda. Nikiwa sijui, naamua vibaya, na tunaoumia ni sisi wote. Jambo nisiloambiwa nitalirekebishaje?"

Jumatatu Mama alikwenda kwa bosi wake. Hakuacha kazi. Aliomba zamu ya wiki mbili mgodini na wiki mbili nyumbani, ambayo mshahara wake ni mdogo. Nyumba ya kupangisha ingesubiri, pengine miaka. Baba alisema na isubiri tu.

Jioni hiyo Mama alipiga simu kusema bosi amekubali, kuanzia mwezi ujao. Kisha akauliza siku ya Tegan ilikuwaje. Tegan akasema ilikuwa mbaya, akavuta kiti, akaanza kueleza kwa nini.