Kalunde Azuia Kuku Kulala

Sogeeni. Sogeeni mpaka magoti yagusane. Mwenye muwa mdomoni ateme makapi. Kimya sasa, nisikie pumzi zenu tu.

Alikuwapo mtoto, jina lake Kalunde. Alikuwa na miaka sita, na jino moja linalocheza.

Aliishi Sikonge na bibi yake, Bibi Nyamizi. Mama yake alikuwa mbali, Uingereza, akifanya kazi ya kutunza wazee.

Bibi Nyamizi alikuwa na saa ukutani, lakini hakuitazama. Alitazama kuku.

"Kuku wakitoka, kumekucha," alisema. "Kuku wakiingia, saa moja ya jioni imefika."

Na kila kuku walipoingia bandani, simu iliita. Trii, trii. Ni Mama huyo, ametoka kazini.

Mama aliimba wimbo mfupi tu:

*Lala, Kalunde, lala.*
*Kesho nakuita tena.*

Bila wimbo huo, Kalunde hakulala vizuri. Aligeuka huku, akageuka kule, mpaka shuka ikaanguka.

Basi Jumapili moja, mwishoni mwa Oktoba, kuku waliingia. Ko, ko, ko. Wote saba. Bibi akafunga mlango wa banda.

Kalunde akakaa. Akasimama. Akakaa tena.
Simu kimya.

"Bibi, simu imezima?"
"Haijazima."
"Imeisha chaji?"
"Imejaa."
"Labda imelala."
"Simu hailali, mjukuu wangu. Wa kulala ni wewe."

Akaenda mlangoni. Akarudi. Akalitikisa jino lake.

Akakaa. Akasimama. Akakaa tena.
Simu kimya.

Mwishowe macho yalichoka, yakajifunga yenyewe. Kalunde akalala palepale kwenye mkeka.

Ndipo simu ikaita. Trii, trii.

Bibi akaiweka kwenye sikio la Kalunde. Mama akaimba wimbo wote. Kalunde hakusikia hata neno.

Asubuhi Bibi alimwambia, "Mama yako alipiga."
"Hakupiga."
"Alipiga. Ulikuwa unakoroma."
"Mimi sikoromi."
"Basi alikoroma jogoo."

Kalunde hakucheka.

Siku nzima hakutulia. Shuleni alikaa upande mmoja wa dawati, akahamia upande wa pili. Alikuwa anawaza.

Mama hawezi kuchelewa, aliwaza. Kwa hiyo kuku ndio wanawahi. Wanaleta saa moja kabla ya Mama.

Jioni ilipokaribia, Kalunde alichukua fimbo ya ufagio. Akasimama mbele ya banda.

Akaja kuku wa kwanza. Ko, ko?
"Bado," alisema Kalunde.

Akaja wa pili, na wa tatu. Ko, ko? Ko, ko?
"Bado. Nyote bado."

Jua halikumsikiliza. Lilishuka, likashuka, likazama.

Kuku walihangaika saa nzima. Mmoja aliingia kwenye ndoo. Wawili waliingia chini ya kitanda cha Bibi. Jogoo aliruka juu ya paa la jiko. Pa, pa, pa!

"Kalunde," alisema Bibi Nyamizi, "kuku wamekukosea nini?"
"Wanaleta jioni mapema."
"Kuku hawaleti jioni, mjukuu wangu. Jioni ndiyo inayowaleta kuku."

"Lakini wakiingia, nitalala," alisema Kalunde. "Mama atapiga nimelala. Sitamsikia tena."

Bibi alitaka kujibu. Simu ikawahi.

Trii, trii.

"Kalunde? Mbona huko kuna kelele?"
"Nimezuia kuku kulala."

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, umechelewa. Na jana ulichelewa."
"Sijachelewa, mwanangu. Nimetoka kazini saa ileile ya huku. Ila huku watu wote wamerudisha saa zao nyuma kwa saa moja. Kila mwaka, baridi ikikaribia, wanazirudisha."

Bibi akasogeza sikio. "Na jua nalo wamelirudisha?"

"Jua haligusiki, mama. Linapita njia yake," alisema Mama. "Wiki iliyopita nilikwenda kazini gizani, nikarudi na jua. Sasa asubuhi nakuta mwanga. Lakini jioni nikitoka, giza tayari. Hapa nilipo naona taa za barabarani tu."

"Kwa hiyo kuku wa huko wameshaingia?" aliuliza Kalunde.
"Zamani sana."

"Sisi hatukurudisha saa."
"Nyie hamkurudisha. Kwa hiyo simu yangu itafika huko saa mbili, mpaka mwezi wa tatu. Siwezi kupiga kabla. Nakuwa nimeshika mikono ya wazee."

Mwezi wa tatu ni mbali. Kalunde akalitikisa jino lake. Kuku wa kwenye ndoo akasema, ko.

Mama akaimba, taratibu:

*Lala, Kalunde, lala.*
*Kesho nakuita tena.*

Lakini Kalunde hakulala mara moja. Kuku haoni gizani. Ilibidi abebwe mmoja mmoja, Bibi akimulika na tochi. Jogoo alikuwa wa mwisho, naye alikuwa amenuna.

Kesho yake jioni kuku waliingia. Ko, ko, ko. Kalunde hakumzuia hata mmoja.

Akakaa. Akasimama. Akakaa tena.
Simu kimya.

Macho yakaanza kuwa mazito.

Bibi Nyamizi akaburuta gunia kutoka pembeni. Kraa, kraa. Zilikuwa karanga za mbegu, na maganda yake.

"Mvua ziko karibu," alisema. "Karanga hazijamenywa. Njoo. Bakuli hili likijaa, Mama atapiga."
"Nani kasema?"
"Bakuli."

Wakamenya. Kwach, ganda. Tik, karanga bakulini. Kwach, tik. Kwach, tik.

Kalunde akatupia moja mdomoni.
"Ukila mbegu," alisema Bibi, "bakuli linachelewa. Na Mama naye?"
Kalunde akaitoa, akaifuta, akaiweka bakulini.

Kwach, tik. Kwach, tik. Kalunde hakusimama. Mikono ilikuwa na kazi, na macho yakakaa na mikono.

Bakuli likajaa mpaka karanga moja ikadondoka.

Trii, trii.

"Mama! Bakuli limejaa!"
"Bakuli gani, mwanangu?"

Kalunde akamsimulia. Kisha akajilaza, simu sikioni, ganda moja limenasa kwenye nywele.

*Lala, Kalunde, lala.*
*Kesho nakuita tena.*

Alisikia kila neno. Hata la mwisho. Ndipo akalala.

Mwezi wa tatu Uingereza walisogeza saa mbele, na simu ikarudi kuita kuku wakiingia. Siku moja Mama naye akarudi, na sanduku kubwa. Akaimba bila simu.

Miaka ikapita, Bibi Nyamizi akagawa vitu vyake. Mama alipata tochi. Kalunde alipata bakuli. Banda lilirithiwa na mtoto wa yule jogoo, naye ananuna vilevile.

Ile saa nzima kati ya kuku kuingia na simu kuita haikurithiwa na mtu. Lakini kila mvua zikikaribia, kuku wakishaingia, Kalunde huburuta gunia. Kraa, kraa. Na mama yake huketi kando yake, wakamenya.