Figo Hubaki Mgongoni

Kila asubuhi, Shoka huwa ameshatundika mbuzi kwenye kulabu za bucha lake kabla majirani hawajapiga mswaki. Jina hilo alipewa na wateja. Wengine husema ni kwa sababu ya mkono wake, wengine kwa sababu ya bei zake.

Siku moja aliteleza akiwa amebeba paja la ng'ombe. Mgongo ukagonga kona ya gogo la kukatia nyama, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Akainuka, akajipangusa, akauza mpaka jioni.

Usiku mkewe alimkanda kwa maji ya moto. Shoka akalala chali, akajibonyeza tumbo kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza nyama.

"Laini," akatangaza. "Ndani niko mzima. Nimefungua matumbo mengi, mama watoto."

"Ya mbuzi, baba watoto."

"Na hakuna mbuzi aliyewahi kulalamika."

Asubuhi mkojo wake ulikuwa mwekundu. Shoka alinyamaza. Mkewe, aliyeingia chooni baada yake, hakunyamaza. Alimwita mdogo wake, nesi anayeishi nyumba ya pili.

Nesi alimbonyeza. "Tumbo laini."

"Si nilisema!"

"Shemeji, ukimpasua mbuzi, nini hutoka kwanza?"

"Utumbo. Ukiuvuta, unakuja na utando wake."

"Na ini, na bandama?"

"Hufuata."

"Na figo?"

Shoka alijishika mgongo. "Figo hazitoki. Hubaki zimeshikamana na mgongo, ndani ya mafuta. Hizo mpaka uzifuate kwa kisu."

"Basi na wewe uko hivyohivyo, ila ndevu zako ni fupi kuliko zake. Tumboni kuna utando kama mfuko. Umeuzunguka utumbo mwembamba, ini na bandama. Hivyo vikivuja damu, mara nyingi tumbo huuma na kukaza. Figo, kongosho na mishipa mikubwa ya damu viko nyuma ya utando. Utumbo mpana umegawanyika: sehemu nyingine zinaning'inia, nyingine zimebanwa nyuma. Sasa, cha nyuma kikivuja, tumbo linaweza kubaki laini kama mto. Utakufa huku unajisifu."



"Na bucha?" Shoka akauliza kwa sauti ndogo.

"Litafungwa leo. Ukibisha, litafungwa moja kwa moja."

Hospitalini walimpiga picha ya ndani ya mwili. Figo ya kushoto ilikuwa imechanika, na damu imekusanyika nyuma ya utando. Hakupasuliwa. Alilazwa, akaamriwa kutulia, nao madaktari wakamwangalia mpaka mkojo ukawa safi.

Shoka amerudi kazini. Sakafu sasa ina mkeka wa mpira. Juzi fundi wa paa alikuja kununua nyama, ameshika kiuno.

"Nimeanguka kwenye ngazi," alisema. "Lakini sina neno. Tumbo langu laini."

Shoka aliweka kisu chini.

"Nyama utaikuta," alisema mbele ya foleni nzima. "Kwanza niambie, mkojo wako una rangi gani?"

Foleni ilirudi nyuma hatua moja kwa heshima zote. Fundi aliinama, akamnong'oneza. Shoka alivua aproni, akafunga bucha, akampeleka hospitali mwenyewe.