Bastola Zisizonuka

"Sindano, unanipata?"

"Nakupata, Cherehani."

"Harusi ni saa sita mchana. Bibi harusi anaondoka na lori."

"Mahari?"

"Bastola elfu mbili."

Lorna Hruska, mpelelezi wa serikali, alizima Ford yake kuukuu katikati ya maegesho ya viwanja vya maonyesho, mashariki ya Ohio. Alivaa miwani ya kusomea. Macho yake yalikuwa mazima. Miwani ndiyo iliyokuwa na kamera na kinasa sauti, na nyuma ya sikio la kushoto spika ndogo kuliko punje ya mchele. Akatoa bastola yake ya Glock kiunoni, akaifungia ndani ya gari.

Hakupenda. Ila kwenye maonyesho ya bunduki ya huko, mahali pekee usipoweza kukuta risasi ndani ya bunduki ni ukumbini. Mlangoni hukaa askari mstaafu na fungu la kamba za plastiki. Kila silaha inayoingia hupitishwa kamba kwenye chemba, tundu la risasi, ikakazwa. Haitolewi mpaka utoke. Awe jenerali, awe mchungaji wa kanisa, atafungiwa.

"Sikiliza," ikasema sauti ya Cherehani, bosi wake, iliyokauka kama kawaida. "Hakimu yuko kwenye simu nyingine. Anataka neno la mtaalamu kwamba mzigo ni mpya, ndipo atie saini hati ya kuukamata. Pua yako hataki."

"Mtaalamu yupi?"

"Aliyezidhamini. Jina lake limening'inia kwenye kikaratasi cha kila bastola. Virgil Obenauf."

Lorna akageuza funguo za gari kiganjani.

"Unamfahamu?"

"Alinifundisha kufungua bastola kabla baba hajanifundisha baiskeli."

"Vizuri. Atakuamini."

Bosi mwingine angesema pole.

Sheria ya kule ina huruma kwa wazee. Bastola ikitimiza miaka hamsini tangu itoke kiwandani, na ikabaki ilivyozaliwa, basi si silaha tu tena, ni kumbukumbu. Mkusanyaji wa silaha za kale mwenye leseni yake huletewa mlangoni kama pizza. Haendi dukani, na hakuna anayepiga simu kuuliza jina lake limewahi kuonana na jela. Wakusanyaji wa kweli hawakuwahi kuitumia vibaya huruma hiyo. Wao hununua, hupaka mafuta, hubishana juu ya mihuri, kisha huzeeka.

Ng'ambo wakauona mwanya. Kiwanda kimoja kisicho na kibao mlangoni kikaanza kuzaa wazee. Bastola za Kirusi aina ya Tokarev, zilizoundwa mwaka jana, ziligongwa mhuri wa 1953, zikasuguliwa mchanga, zikazamishwa kwenye grisi ya ghala mpaka forodha wakazionea huruma. Leseni za kununulia zilikuwa za kughushi. Mwisho wa safari walisubiri watu wasiokusanya chochote ila maiti.

Mmoja wa wazee hao wachanga alimuua Dwight Stumbo kwenye kituo cha mafuta. Dwight alikuwa mwenzake Lorna kazini. Alikuwa ametoka kununua karanga.

Bastola iliokotwa palepale. Mhuri: 1953. Njia ya kuifuatilia: hakuna. Ajuza hana ndugu wa kuulizwa habari zake.

Lorna akaingia ukumbini.

Harufu ya unga wa kukaanga na sukari ilikuwa imetanda, na juu yake kitu kingine kikali. Kahawa. Ilikuwa inaungua mahali fulani.

Ilikuwa inaungua mezani kwa Virgil.

Mzee alikaa mgongo wima kama alivyokaa miaka yote, kitambaa cha kijani mbele yake, Tokarev zimelala safu kwa safu. Nyuma yake, juu ya jiko dogo la umeme, birika la kioo lilikuwa linatoa moshi mweusi.

"Virgil!" mama wa meza ya pili, muuza nyama kavu, alipiga kelele. "Kahawa yako tena! Unatufukiza kama nyuki!"

"Iko wapi? Mbona sisikii harufu?"

"Basi wewe ni maiti! Zima!"

Virgil akapapasa swichi, akazima. Alipogeuka akamwona Lorna, na uso wote ukafunguka.

"Lori!" Ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Binti wa Hruska! Mume yuko wapi?"

"Nimemwacha, mjomba."

"Kisa?"

"Namba zake hazikulingana."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Utani huo ni wa watu wa bastola. Fremu ina namba, sehemu ya juu ina namba, magazini, kile kijisanduku cha risasi, ina namba. Zikilingana zote tatu, mkusanyaji huona kaoa malaika.

"Naruhusiwa?" Lorna akauliza, mkono hewani. Hushiki bastola ya mtu bila kuomba. Alifundishwa na huyuhuyu, kwa kofi.

"Karibu."

Akaichukua moja, kamba ya plastiki ikining'inia. Akasugua kibao cha mpini kwa dole gumba, haraka, mpaka plastiki ikapata moto. Akainusa.

Plastiki ya zama zile ikipashwa moto hunuka dawa ya hospitali. Hunuka hivyo hata baada ya miaka sabini. Pua haidanganyi, Virgil alimwambia alipokuwa bado mtoto wa mapengo.

Hii haikunuka kitu.

Akachukua ya pili, halafu ya tatu. Hakuna kitu.

Akamtazama mzee, akalitazama birika jeusi, na kifua kikamlegea kwa furaha ya ajabu. Hajui! Pua imekufa! Wamemtumia kama kipofu anayeuziwa rangi!

Akainama karibu. "Mjomba. Pua ilikufa lini?"

Virgil akatazama kulia na kushoto. "Nani kakwambia?"

"Kahawa."

"Majira mawili ya baridi sasa. Ile homa. Usimwambie mtu, Lori. Mkusanyaji asiye na pua ni mbwa wa kuwinda asiye na pua. Kilichobaki ni kula tu na kubwekea mtu wa posta."

"Muulize," ikanong'ona spika. "Sindano, saa inakwenda. Lori la mzigo limewashwa."

Lorna akairudisha bastola mezani. Neno moja lingemwokoa mzee. Neno lenyewe alimwekea mdomoni, kama mtoto anayelishwa uji.

"Kwa hiyo hizi hukujua. Ungejuaje, huwezi kunusa."

Alichopaswa kusema ni: sikujua.

Lakini umwambie nani? Virgil Obenauf, ambaye wenye vyeti vya chuo walimpigia simu kuuliza maana ya nyota chini ya mpini?

"Sikujua? Mimi?" Mzee akavimba kama mkate. "Binti, pua imekufa, macho yapo!" Akazivuta bastola tatu, akazitoa magazini, akazipanga. "Soma."

Namba zililingana zote.

"Hizi eti zimekaa jeshini. Kambi nzima imezifungua kila Jumamosi, vyuma vyote ndani ya beseni moja, vijana wanawaza wasichana. Halafu kila magazini irudi kwa mama yake? Moja, sawa. Mbili, muujiza. Kreti nzima?" Akatema pumzi. "Nilijua siku ya kwanza, kabla hawajatoa msumari wa mwisho. Ni mpya kama meno yangu ya bandia."

"Yatosha," ikasema spika. "Hakimu amesikia. Anatia saini."

Lorna hakusogea. "Mbona wengine hawakuuliza?"

"Waulize nini? Maisha yao yote wanaota namba zinazolingana. Siku ndoto imekuja na bei nafuu, nani atake kuamka?" Akashusha sauti, akatoa kijisanduku cha mbao chini ya meza. "Na mimi nina yangu. Balk, mwenye mzigo huu, ndiye aliyenipa. Tazama."

Ndani ya mahameli ililala Tokarev nyeusi yenye namba ya tarakimu mbili tu. Zile za majaribio, za kabla ya vita. Wakusanyaji huizungumzia kwa sauti ya chini, kama jina la marehemu.

"Nusu karne naitafuta, Lori. Nilichopaswa kufanya ni kuandika jina langu kwenye vikaratasi. Kuna nani aliyeumia?"

"Dwight Stumbo."

"Simjui."

"Unamjua. Alikula bata mzinga mezani kwako, sikukuu ya Shukrani, Novemba. Aliosha vyombo."

Midomo ya mzee ikafunguka, ikachelewa kufunga. "Yule mcheshi?"

"Huyo."

Akavua miwani yake, akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Alivunja sahani," akasema. "Akaficha vipande mfukoni mwa koti langu."

Lorna akagusa sikio. "Cherehani. Shona."

"Unaongea na nani?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia la meza.

Teodor Balk, mwenye mzigo, alikuwa mtu mrefu mwenye koti la gharama na tabasamu ambalo halikufika machoni. Alimtazama Lorna, akaitazama miwani yake. Tabasamu likafa.

Mkono wake ukashuka mezani, ukanyakua Tokarev moja. Kutoka mfukoni akatoa magazini iliyojaa. Ni yeye tu ukumbini aliyethubutu kupita na risasi. Akaichomeka.

Klak.

Akavuta sehemu ya juu.

Haikuvutika.

Akavuta tena kwa nguvu zote. Kamba ya plastiki, senti mbili dukani, ilikuwa imepita ndani ya chemba na haikuwa na haraka.

"Lazima ukate kwanza," Virgil akamwambia, bila kuinua macho. "Kila mtu anajua."

Lorna tayari alikuwa na birika mkononi.

Kioo kilipasukia kwenye ukosi wa koti la gharama na kilichokuwa juu yake. Kahawa ikamwagika, nyeusi, bado ya moto. Balk akalia kwa lugha ya kwao. Lorna akapita upande, akamkata miguu, goti likatua katikati ya mgongo. Akanyoosha mkono juu ya meza, akachomoa kamba mpya ya plastiki kutoka kopo la Virgil, akamfunga mikono.

Krrrk.

"Imekaza?" akauliza.

Balk akatukana.

"Imekaza."

Mama wa nyama kavu akapiga makofi peke yake, akaona wengine hawapigi, akaacha.

"Sindano."

"Nasikia."

"Lori limezuiwa getini. Kreti zote zipo."

"Dereva?"

"Analia. Ameomba mama yake."

"Mpeni kahawa. Huku imeisha."

Maafisa waliingia kwa milango yote, makoti ya bluu. Kijana mmoja wao akaanza kutia vitu vya Virgil ndani ya mifuko ya ushahidi. Mzee hakubisha. Alitoa mikono yake mwenyewe, mikono yenye harufu ya mafuta ya bunduki aliyoshindwa kuisikia.

Kijana alipofikia kijisanduku cha mbao, Virgil akashtuka.

"Ngoja. Lori. Hii moja." Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Namba tarakimu mbili. Mihuri yote ipo, nimeihesabu kwa lenzi. Ila siwezi kunusa. Tangu anipe nasugua, nanusa, sipati kitu, na sijui ni pua au ni yenyewe. Ninusie. Tafadhali."

Lorna akaitazama saa ya ukutani, kisha mzee.

Akaichukua bastola.

Hakuomba ruhusa.

Akasugua kibao cha mpini kwa dole gumba, taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka kikapata moto chini ya ngozi. Akaisogeza puani. Akavuta pumzi mara moja. Halafu tena.

Virgil alikuwa amefumba macho kama mtu kanisani.

"Eh?" akasema. "Hospitali? Inanuka hospitali?"

Lorna alikumbuka vipande vya sahani mfukoni mwa koti. Alikumbuka karanga zimetawanyika kwenye lami.

Akamkabidhi kijana bastola.

"Andika," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, ya kufika meza ya pili. "Silaha mpya. Haina umri."

Hakungoja kuona. Alipita kati ya meza, mikono mfukoni. Mlangoni askari mstaafu akamuuliza kama ana chochote cha kufunguliwa kamba.

"Hapana, mzee," akasema. "Mimi sikusanyi."

Akatoka juani, akaivua miwani, akaikunja. Dole gumba lake lilikuwa bado la moto. Alilinusa mara moja tu, njiani kuelekea kwenye Ford, likanuka hospitali, halafu akalifuta kwenye suruali.