Sekela na Mashine ya Mashimo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sekela alikuwa na kazi ya kumkamua Kitenge. Kitenge alikuwa ng'ombe wao wa pekee, mwenye mabaka mekundu na meupe, maziwa mengi na adabu kidogo. Mwezi wa Juni baridi ya kijiji cha Ilomba haina huruma, kwa hiyo Sekela alipuliza vidole vyake kwanza. Kitenge akiguswa na mikono ya baridi hurusha teke, na teke lake halichagui kati ya ndoo na mkamuaji.

Ubaya mwingine wa Kitenge ni kwamba hakupenda majani ya nyumbani. Alipenda kabichi za mzee Mika, akapenda viazi vya mama Andendekisye, na wiki moja kabla ya kisa hiki alikula nusu ya shuka la katekista lililokuwa limeanikwa juani. Kila mara Yotamu, baba yake Sekela, alivaa koti lake zuri akaenda kuomba radhi. Mwishowe koti lilianza kuchakaa, naye akaamua kuzungushia uzio lile eneo la majani karibu na kijito, ili ng'ombe akae huko.

Alikata nguzo za miti ya miwati, akazirundika uwanjani. Kisha akachukua sururu na sepetu, akaanza kuchimba. Siku ya kwanza alichimba mashimo mawili. Siku ya pili hakuamka mapema, na alipoamka alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Kazi ikasimama hapo.

Jioni moja Yotamu alirudi kutoka mjini Mbeya macho yakimng'aa.

"Mama Sekela!" aliita kabla hajafika mlangoni. "Leo nimeona maajabu dukani kwa Bwana Muhidini. Chuma kirefu kama parafujo, lakini unene wake kama ndoo! Kimetoka shamba moja kubwa la walowezi huko Iringa. Unakifunga nyuma ya trekta, trekta linakizungusha, nacho kinazama ardhini kama kijiko kwenye uji. Kufumba na kufumbua, shimo hilo!"

Trekta lilikuwepo. Yotamu na kaka yake walikuwa wamelinunua kuukuu kwa mlowezi mmoja aliyerudi kwao Ulaya, na msimu wa kulima walilimia watu mashamba yao.

Marta, mama yake Sekela, aliendelea kumenya viazi. "Na bei yake?"

Yotamu alikohoa. "Siyo ghali sana. Ni kama... Kitenge."

"Kitenge kimoja tu? Mbona rahisi! Doti ngapi?"

"Siyo kitenge cha kuvaa, mama Sekela. Kitenge wa zizini."

Kisu kikasimama. "Ngoja nielewe. Unataka kumwuza ng'ombe, ili ununue mashine, ili umjengee uzio ng'ombe?"

"Nitawachimbia na watu wengine. Watanilipa. Nitanunua ng'ombe wawili."

"Na Bwana Muhidini hakodishi?"

"Anakodisha. Lakini kitu cha kukodi ni kitu cha watu. Unakirudisha, unabaki unatazama mikono yako."

"Na maziwa ya kumlipia Sekela ada ya shule yatatoka wapi? Kwenye parafujo?"

Sekela, aliyekuwa akichochea moto, alisikia yote. Lakini kichwani mwake kilibaki kitu kimoja tu: chuma kikubwa kinachozunguka nyuma ya trekta la baba yake, na kijiji kizima kimesimama kutazama.

Kesho yake shuleni, wakati wa mapumziko, Jaha alikuwa akisimulia habari za baiskeli mpya ya baba yake. Alikuwa ameisimulia wiki nzima. Leo alikuwa amefika kwenye kengele.

"Baiskeli ni kitu gani?" Sekela alisema. "Baba yangu amenunua mashine ya kuchimba mashimo."

Neno "amenunua" lilimtoka kabla hajalikagua. Wenzake wote wakamgeukia, na kengele ya baiskeli ikasahaulika. Ilikuwa raha kubwa mno kuiharibu kwa ukweli. Walipomwuliza mashine ilivyo, Sekela aliieleza kama mtu aliyelala nayo chumba kimoja. Walipomwuliza kama baba yake atawachimbia na wengine, alijibu, "Kwa nini asiwachimbie? Bure kabisa!"

Mwalimu Liberatus alisikia, akafurahi kuliko wote. Nguzo za goli la shule zilikuwa hazisimami sawasawa, na kwa muda mrefu golikipa alikuwa na kazi mbili: kudaka mpira na kushikilia nguzo. "Sekela," alisema mwalimu, "mwambie baba yako shule inamshukuru sana."

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Jioni ile mama Andendekisye alikuja kusema anahitaji mashimo ya migomba. Katekista akaja kuomba ya uzio wa kanisa. Mzee Mika alikuja na fimbo yake akataka achimbiwe kaburi mapema, maana hakuwaamini wanawe.

"Hongera kwa mashine," walisema wote. "Na sisi usitusahau."

Yotamu alidhani wamesikia tu kwamba anataka kununua. Alimgeukia mkewe kwa furaha. "Unaona, mama Sekela? Wateja! Hata mashine haijafika!"

Sekela alijificha nyuma ya mlango. Alijua kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyekusudia kulipa. Akajiambia: baba akinunua kweli, uongo wangu utageuka kuwa ukweli, na hakuna atakayejua.

Jumamosi ilifika. Kama kawaida, Sekela alitakiwa kupeleka maziwa mjini, nyumbani kwa Bwana Muhidini. Marta alikuwa amemsumbua mumewe mpaka akakubali kuomba ushauri kwanza. "Muulize Bwana Muhidini," Yotamu alimwambia binti yake. "Kwa mtu kama mimi, ninunue ile mashine au nikodi? Uniletee jibu lake."

Bwana Muhidini alikuwa mzee wa asili ya pwani, aliyezaliwa Mbeya na kuzoea baridi yake, ila masikio yake hayakuizoea. Alivaa skafu juu ya kanzu mwaka mzima. Mkewe, Bi Mwanakhamisi, alipokea maziwa, naye akamsikiliza Sekela kwa makini.

"Shikamoo, Bwana Muhidini. Baba anauliza anunue au akodi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie hivi. Mashine ni nzuri, sina shaka nayo. Lakini ya kununua ni kwa mtu mwenye mashimo ya kuchimba kila mwezi. Kama ana uzio mmoja tu, akodi. Ikigonga jiwe, pini inakatika. Meno yake yanalika, na vipuri vinatoka Dar es Salaam. Akikodi, taabu hizo ni zangu. Akinunua ni zake, na uzio ukiisha mashine italala nyuma ya nyumba na kuku watataga humo. Umeshika?"

"Nimeshika. Lakini Bwana Muhidini, wewe si unataka kuuza?"

"Nataka sana! Lakini nikimwuzia baba yako kitu asichokihitaji, atanuna, hatakuja tena dukani, na mimi nitakunywa chai ya rangi maisha yangu yote."

Sekela alianza safari ya kurudi akiurudia ujumbe ule kwa sauti. Ulikuwa mrefu na haukumpendeza. Alipopanda mlima wa kwanza, ujumbe ulikuwa umepungukiwa na pini. Alipovuka daraja, vipuri vya Dar es Salaam vilizama mtoni. Kanisani kuku walitoroka. Alipofika nyumbani, baba yake akasimama kumpokea.

"Enhe, amesemaje?"

"Amesema, mashine ni nzuri, sina shaka nayo."

"Basi?"

"Na... nikupe salamu."

Yotamu alipiga makofi. Marta alimtazama binti yake kwa jicho moja.

Jumatatu asubuhi alikuja Ambrosi, mnunuzi wa ng'ombe, amefunga kamba mpya kiunoni. Alimzunguka Kitenge, akamminya ubavu, akamtazama meno, kisha akamfunga ile kamba shingoni. Sekela alikuwa amejifariji kwamba Kitenge ataishi kwa mtu mwingine, ale kabichi za watu wengine.

"Utamfuga wapi?" alimwuliza.

"Kumfuga?" Ambrosi alicheka. "Huyu anakwenda Chunya, binti. Wachimba dhahabu wanapenda nyama iliyonona."

Ambrosi alipoivuta kamba, Kitenge alisogea mbele hatua moja, na Sekela akaudaka mkia kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa ya baridi. Kitenge alirusha teke la pembeni, likampata Ambrosi, aliyekuwa ubavuni pake, gotini, na Ambrosi akaketi katikati ya zizi, mahali ambapo mtu mwenye suruali safi hapaswi kuketi.

"Baba, usimwuze!" Sekela alilia. "Bwana Muhidini alisema ukodi!"

Yotamu alisimama kama nguzo. "Alisema nini?"

Sasa ujumbe ulirudi wote: pini, meno, vipuri, hata kuku. Nyuma yake yakafuata na mengine: Jaha, baiskeli, neno "amenunua", na neno "bure."

"Yaani," Yotamu alisema polepole, "watu wote waliokuja hapa walidhani nimekwisha kununua? Na hakuna aliyetaka kunilipa?"

"Hakuna, baba."

"Hata mzee Mika?"

"Hata mzee Mika."

Marta alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akakalia ndoo. Yotamu hakucheka. Alimwinua Ambrosi, akamwomba radhi, akamfungulia Kitenge kamba. Ambrosi alipewa kikombe cha maziwa ya moto na maji ya kunawa, akaondoka akichechemea na kusema kwamba Ilomba hatarudi.

"Sekela," baba yake alisema, "leo mchana utapita kwa kila uliyemdanganya, ukamwambie ukweli kwa mdomo wako. Mimi sitakusindikiza."

Sekela angependelea viboko, maana viboko vina mwisho. Alianza shuleni. Alisimama mbele ya darasa akasema kwamba mashine haikununuliwa. Alingoja kicheko cha Jaha, lakini Jaha aliinamisha kichwa.

"Hata ile baiskeli," Jaha alisema kwa sauti ndogo, "ni ya mjomba. Baba anaisukuma tu."

Mwalimu Liberatus hakukasirika sana. "Nasikitikia goli langu," alisema. "Lakini kama mashine inakodishwa, kwa nini tusikodi pamoja? Yotamu ana trekta. Sisi kila mmoja atoe kidogo." Sekela alipita nyumba hadi nyumba na aibu yake, lakini sasa alikuwa na wazo hilo la mwalimu la kubeba. Watu walimgombeza kwanza, kisha wakakubali. Mzee Mika tu ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo nisife kwanza mpaka mkubaliane?"

Mashine ilifika siku ya Alhamisi, ikisindikizwa na Bwana Muhidini mwenyewe na skafu yake. Kijiji kizima kilikusanyika. Yotamu alipanda trekta kama mfalme. Parafujo ile kubwa ikazunguka, ikashuka, udongo mwekundu ukapanda juu, na mara shimo likabaki pale, la mviringo, safi. Watu walishangilia shimo kama watu wanaoshangilia bao.

Katika shimo la nne kulisikika mlio mbaya. Mashine ikagonga jiwe, pini ikakatika, kila kitu kikasimama. Yotamu alishuka uso umemsinyaa. Lakini Bwana Muhidini alitia mkono mfukoni, akatoa pini nyingine.

"Tulia, Yotamu. Hiyo taabu ni yangu," alisema.

Yotamu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Ndaga fijo, asante sana, Bwana Muhidini. Kama ingekuwa yangu, sasa hivi ningekuwa nalia."

Mzee Mika alisogea akachungulia shimo moja. "Mbona jembamba? Nizikwe nimesimama?"

"Siku ya ufufuo hutapata taabu ya kuinuka, mzee," katekista alimjibu.

Mpaka jioni uzio wa Kitenge ulikuwa na mashimo yake yote, migomba ilikuwa na yake, kanisa na shule vivyo hivyo. Golikipa alisimama katikati ya goli akiwa ameachia mikono yote miwili, hajui aifanyie nini. Mashine ikarudi mjini. Sekela alipewa kazi ya kushindilia udongo kwenye nguzo za uzio, moja baada ya nyingine, mpaka viganja vikaota malengelenge.

Alipomaliza, baba yake alikuja akaketi naye juu ya gogo.

"Mwanangu," alisema, "kile ninachokitumia kila siku, kama trekta, ni haki yangu kukinunua. Kile cha kazi ya siku moja, nikikodi sijawa maskini. Hilo limeniingia. Lakini kuna jambo la pili, nalo ni lako. Mimi niliamua kwa habari uliyoniletea. Uliniletea nusu yake, ile tamu. Mtu akipewa nusu ya ukweli, hata awe na akili namna gani, atauza ng'ombe wake. Ukitumwa, leta yote, hata lile linalokuumiza. Na ukisema jambo ambalo halipo, lirudishe siku ile ile, kabla halijazaa mengine."

"Nimesikia, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Kisha akakuna kichwa. "Na mimi ile nusu niliipenda kwa sababu ndiyo niliyotaka kuisikia. Usimwambie mama yako."

"Nimekwisha kusikia," Marta alisema nyuma yao.

Tangu siku ile Sekela akitumwa mahali, hurudi na jibu zima bila kupunguza kitu. Jumapili iliyofuata baba yake alimtuma kwa katekista kuuliza saa ya ibada. Sekela alirudi akasimama wima, akasema, "Amesema saa tatu, baba. Halafu akapiga chafya. Halafu akasema, mwambie baba yako bado sijalisahau shuka langu."