Pesa ya Unga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha wazazi wake, nyuma ya nyumba yao. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kufuta kreti za plastiki, huku dereva wa kampuni akizipakia garini na kumtania, "Futa vizuri, meneja, wateja wasije wakala vumbi."

Asubuhi hiyo hakukuwa na utani. Tanuri lilikuwa baridi. Waokaji walisimama na aproni zao safi, na katikati yao baba yake alikuwa akifoka, simu mkononi.

"Unga umekwisha, na muuzaji hakopeshi! Mikate tunauza kila siku, akaunti ilipaswa kuwa na pesa ya kutosha. Leo imebaki ya kununulia chumvi! Nani anayekusanya pesa madukani? Si wewe?"

Dereva aliweka kreti chini. "Bosi, kila nilichokusanya nilikipeleka benki."

"Basi pesa zimeota mabawa? Lete funguo za gari. Sitaki mwizi hapa!"

Dereva alizitupa funguo juu ya meza ya kukandia, akaondoka bila hata kuchukua koti lake.

Chiriku naye alipandwa na hasira. Kumbe mtu aliyekuwa akimwita meneja alikuwa anawaibia! Alikwenda nayo hasira ile mpaka darasani, ambako aliketi dawati moja na Twiga, binti wa dereva huyo.

"Toka hapa," alimwambia mbele ya wenzao. "Baba yako amekula pesa ya unga wetu."

Twiga alisimama, mrefu kama jina lake, macho yakiwaka. "Baba yangu hajawahi kula cha mtu! Na usiniite rafiki yako tena." Alibeba mkoba wake, akahamia nyuma.

Mchana, Chiriku alipokuwa ametoka shule, mama yake alirudi kutoka kwa bibi, alikokwenda kumuuguza. Kabla hajakaa, baba alimweleza jinsi alivyomkamata mwizi.

"Umemfukuza nani?" Mama aliuangusha mkoba wake. "Pesa hiyo nimeitumia mimi! Siku ya mwisho ya kodi ya serikali ilikuwa imefika, nikalipa kwa simu. Na yale matairi mapya ya gari, si ulilipa wewe mwenyewe? Wewe unachota huku, mimi nachota kule, chungu kimoja. Kikikauka, unamkaba mtu shati!"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Mara ngapi nimesema tugawe akaunti?"

"Pesa ni pesa tu," baba alinung'unika.

"Na maji ni maji tu, lakini ya kunywa na ya kudekia hatuyaweki ndoo moja!"

Kwa sauti ndogo Chiriku alieleza aliyomwambia Twiga.

"Ulimwona akiiba?" mama aliuliza kwa ukali.

"Hapana. Nilimsikia baba."

"Vaa viatu. Tunakwenda wote watatu."

Dereva aliwapokea mlangoni na hakuwakaribisha ndani. Baba aliomba radhi. Dereva alitikisa kichwa.

"Uliniaibisha mbele ya watu, bosi. Unaniomba radhi hapa pasipo na mtu? Radhi yangu iko kulekule kiwandani."

Nyuma yake, Twiga alimtazama Chiriku. "Na yangu iko darasani."

Kesho yake baba alisimama mbele ya waokaji wote, akasema, "Nilimwita mwizi mtu asiye na hatia. Nimekosa." Dereva alizipokea funguo. "Nimesamehe," alisema, "ila hasira bado ninayo. Itapoa yenyewe."

Chiriku naye alisimama darasani, akamwomba Twiga radhi huku machozi yakimlengalenga. Twiga alirudi kwenye dawati, ingawa siku ile nzima hakusema neno.

Wiki hiyohiyo wazazi walikwenda benki. Ndani ya akaunti ya kampuni wakafungua akaunti ndogondogo, kila moja na jina lake: unga, mishahara, magari, kodi. Hoteli moja iliyonunua mikate yao ilipolipa deni lake, mama aliigawa pesa hiyo kabla haijapoa. Sasa aliyetaka matairi aliangalia fungu la magari, na kama halikutosha, alisubiri. La unga halikuguswa kwa jambo jingine. Tanuri likawaka tena.

"Kwa hiyo mama, mwizi alikuwa nani?" Chiriku aliuliza.

"Hakukuwa na mwizi, mwanangu. Kulikuwa na vurugu tu. Mahali ambapo pesa zimechanganyika, asiye na kosa ndiye anayebebeshwa lawama. Panga vitu vyako, kila kimoja kijulikane ni cha nini. Na kabla hujamwita mtu mwizi, uliza. Kuuliza ni bure, lakini neno likishatoka, hata wewe uliyelisema huwezi kulimeza tena."