Amplifaya Iliyosonya

Amplifaya ilimsonya Ken saa sita na nusu mchana, siku ya Jumapili, jua likiwa limekaa juu ya mabati na ploti nzima ikinuka mafuta ya kukaangia. Alikuwa amemaliza kupiga kipande alichokitunga mwenyewe, kipande alichoamini kingewatoa watu roho, akaziacha nyuzi zilie mpaka zinyamaze zenyewe. Ndipo sauti ile ikatoka kwenye spika: mssssss, ndefu, ya midomo iliyobanwa juu ya meno, msonyo wa mama mkwe aliyeletewa chai ya rangi.

Aligeuka mlangoni. "Risper, unanisonya?"

Dada yake alikuwa nje, amechuchumaa kando ya beseni, anaparua magamba ya samaki. "Nikusonye ya nini? Huoni venye mikono yangu iko?"

Ken akapiga tena. Safari hii hakungojwa hata amalize.

Sasa, Ken Okeyo hakuwa mtu wa kusonywa. Kazi ya kusonya ilikuwa yake. Benga aliita muziki wa kuuzia mahindi. Kwaya ya dada yake aliita kelele za wenye njaa, ingawa wali aliokula kila usiku ulitoka kwa mwenye njaa huyo, aliyekaanga samaki kutwa karibu na geti la mtaa wa Ayany. Dharau hii yote aliitoa Lavington, alikokuwa akifyeka nyasi kwa mzungu mmoja. Mzungu alipohama mwaka wa tisini na tano alimwachia gitaa jekundu la umeme, katoni ya kaseti za metal, ule muziki wa magitaa yanayonguruma, na magazeti ya muziki. Humo Ken alijifunza mambo mawili tu: kwamba mpiga metal wa kweli huimba habari za shetani na makaburi, na kwamba hupigia kwenye amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, si transista. Basi akajichorea mafuvu kwenye fulana kwa rangi ya mabango, akajipa jina la Kaburi. Watu wa Kibera waliendelea kumwita Ken, ndugu yake Risper wa samaki.

Kuitafuta hiyo valvu ndiko kulikomponza. Mjini alijaribishwa amplifaya mpya ya transista, akaipigia gitaa mara mbili, akasema inalia kama nyuki ndani ya kopo, akatoka bila kuaga. Duka la pili lilikuwa na valvu ya wati mia, bei yake ya kujengea nyumba, na alipoinyooshea kidole akaambiwa asiiguse. Akaisonya pia, maana hakuwa na la kufanya lingine. Mwisho, Jumamosi, akaishia kituo cha Kawangware 56, kwa fundi Shiundu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio katikati ya saluni na duka la misumari.

"Valvu niko nayo moja," Shiundu akasema. "Wati kumi na tano."

"Kumi na tano? Fundi, mimi napiga metal. Si kengele ya shule."

Shiundu hakuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuchomelea. "Buda, ya wati mia utaifungulia wapi? Utaiweka chini kabisa ndio majirani wasikuchape, na ikiwa chini valvu hazisumbuki, sauti inatoka safi kama ya habari redioni. Hii ndogo unafungulia mpaka mwisho. Zinaumia, na hayo maumivu ndiyo unatafuta. Hapo mbele weka kapedali ka bei rahisi, utanguruma mpaka uchoke. Lakini usiwahi kuiwasha kama spika haijaunganishwa. Utaiunguza."

Huo ulikuwa ushauri wa mtu anayejua kazi yake, na Ken aliusikiliza huku akijitazama kwenye kioo cha saluni. Fundi akageuza mashine, akafungua mgongo wake. Ndani, kando ya transfoma, kulikuwa na kifuko cha ngozi nyeusi, kidogo, kimefungwa kwa uzi mweusi uliozungushwa mara nyingi.

"Hiyo ni hirizi," Shiundu akasema, sauti imeshuka. "Hii mashine ilitoka Makina, kwa bendi ya harusi ya Wanubi. Nimebadilisha valvu, nimebadilisha waya, hiyo sijagusa. Na wewe usiguse."

Ken akacheka mpaka mwenye saluni akachungulia. Akachukua koleo ya fundi, akaukata ule uzi kwa mkato mmoja, akaivaa hirizi shingoni juu ya mafuvu yake. "Manze, hii imeingia poa sana," akasema. Shiundu alinawa mikono, mikono ambayo haikuwa imeigusa ile hirizi.

Hivyo ndivyo ilivyofika Jumapili ile ya misonyo. Ken alibadilisha kebo, akabadilisha soketi, akapiga polepole, akapiga haraka, na kila alipomaliza alisonywa. Jambo lililomuuma halikuwa woga. Jambo lililomuuma ni kwamba misonyo ilikuwa na akili. Alipokosea kidogo ilikuwa mifupi. Alipopiga yale aliyoyaona makubwa, yale ya shetani na makaburi, ilikuwa mirefu.

Jumatatu saa nane mchana stima ilipotea ploti nzima. Ken alikuwa amejilaza, ameipa mashine mgongo. Risper alikaa mlangoni nyuma ya jiko lake, anafanyia mazoezi wimbo wake. Kwaya yao ilikuwa irekodi kaseti Jumatatu iliyofuata, na yeye ndiye mwenye kuongoza. Miaka saba alikuwa ameingojea siku hiyo, akimwomba Mungu kila asubuhi asikohoe. Akaimba ubeti wa kwanza. Kwanza ikaja harufu, udi uliochanganyika na nywele zilizoungua, kisha pale ukutani mbele ya macho ya Ken ikatokea rangi ya chungwa, hafifu, ikipanda Risper akipandisha sauti na kushuka akishusha, na Ken alipogeuka polepole aliziona valvu zote nne zikiwaka ndani ya mashine ambayo plagi yake ilikuwa imelala sakafuni, na kutoka kwenye spika kulikuwa na sauti ya pili, ya chini, tamu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, ikimfuata dada yake neno kwa neno kama mtu anayeonja mchuzi na kurudia kijiko.

"Ken," Risper akanong'ona bila kugeuka. "Umewasha hiyo kitu?"

"Stima haiko."

"Basi ni nani anaimba na mimi?"

Taa zikafifia, harufu ikabaki.

Stima iliporudi saa kumi, Ken alichomeka gitaa, akagusa nyuzi mara moja. Ee bwana. Ilinguruma. Chini ulikuwa ukuta wa sauti, nzito, na juu yake kulikuwa na kilio kirefu kilichosimamisha nywele, kilio ambacho hakuna pedali ya bei rahisi wala ya bei ghali ingekitoa. Hakusonywa. Akapiga mpaka vidole vikapasuka. Na Jumanne Risper aliamka na sauti ya jogoo mgonjwa.

Ken alijua. Tuliseme wazi, kwa sababu baadaye alimwambia kila mtu kwamba hakujua. Alisikia dada yake akipungukiwa siku hadi siku, akasikia gitaa lake likitajirika, akafanya hesabu, akanyamaza. Jumamosi kundi dogo la metal alilolipigia gitaa lilikuwa na onyesho la mchana mjini, la kwanza, mbele ya wanafunzi wa chuo na watu wenye pikipiki, watu aliowaona kuwa ndio watu.

Jirani yao Seline ndiye aliyewapeleka Makina siku ya Jumatano, kwa Hajjat Zamzam, mama wa Kinubi aliyejulikana kwa kutibu kwa mafusho. Hajjat alimfunika Risper shuka juu ya chetezo, kisha akamvuta Ken uani kwa ule uzi wa shingoni, kama mbuzi.

"Hii nani alikuvalisha?"

"Nilijivalisha."

"Ya nini?"

"Ni urembo tu, mama."

Hajjat akaigeuza hirizi kiganjani. Akasema kwa sauti ya chini, ili isivuke ukuta, "Marehemu mume wangu aliifunga mle kwa mkono wake. Mle mna jini, na jini lile linapenda sauti nzuri. Lilikula ya mwimbaji wetu, msichana wa watu, mpaka leo anaongea kwa vidole. Wewe halikugusi kwa sababu umevaa kufuli lake. Ingawa," na hapo macho yake yakashuka kwenye mafuvu na kupanda tena, "hata ungelala uchi juu ya mashine sioni lingekutakia nini."

Ken akayafunika mafuvu kwa mkono.

"Ilikatwa lini?"

"Jumamosi."

"Basi una mpaka Jumamosi. Ifunge pale ilipokuwa, hata leo, na sauti ya dada yako itarudi yote. Siku ya saba jua likizama, kilicholiwa kimeliwa."

"Na mashine?"

"Umeniuliza mashine?"

"Naulizia tu, Hajjat."

"Itakuwa mashine," akasema, akaingia ndani.

Njiani, wakipita kwenye mitaro, Risper alimshika mkono. Alikuwa na mnong'ono tu sasa, na aliutumia kidogo kidogo. "Amesemaje?"

"Amesema upumzike. Jumapili utakuwa sawa."

"Haki?"

"Haki."

Risper alimwamini. Alikuwa amemlea tangu mama yao afe, na mtu uliyemfunga nepi ni vigumu kumwona alivyo.

Jumamosi asubuhi Ken alibeba mashine na hirizi yake shingoni, akajiambia kwamba onyesho linaisha saa kumi, jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na kuifunga ile hirizi ni kazi ya dakika moja. Hesabu yake haikuwa na kosa. Saa tisa alipanda jukwaani, akafungulia mpaka mwisho, na ukumbi ukapigwa na kitu ambacho haukuwahi kukisikia, ngurumo yenye binadamu ndani yake, mwanamke anayelia kwa kupanda na kushuka, na Ken aliposogea karibu na spika alisikia ndani ya kile kilio wimbo wenyewe, ubeti wa kwanza wa kaseti ya kwaya, maneno yote, pumzi zote, hata kile kikohozi kidogo ambacho Risper alizoea kukimeza kabla ya kiitikio, na watu wenye pikipiki wakitikisa vichwa na kuinua ngumi bila kujua wanamshangilia nani. Saa kumi ikafika. "Moja tena!" wakapiga kelele. Akawapa moja. "Moja tena!" Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Ken maneno hayo maishani mwake, naye alisimama pale, jasho likimtiririka, akiyanywa, akawapa nyingine, na nyingine, na kila alipotazama dirishani jua lilikuwa bado lipo.

Alipofika Kibera, mashine begani, mbingu juu ya Ayany zilikuwa za kijivu na watu wanawasha taa za mafuta. Akaingia mbio. Akafungua mgongo wa mashine, akaitoa hirizi shingoni, akaifunga kando ya transfoma, fundo juu ya fundo. Harufu ya udi na nywele zilizoungua ikapotea chumbani papo hapo, na valvu zikawa vioo tu vyenye vumbi.

"Imekwisha," akasema, akihema. "Risper, imekwisha."

Ndipo alipoinua kichwa. Risper alikuwa amekaa kitandani, na sare yake ya kwaya, iliyopigwa pasi kwa ajili ya Jumatatu, ilikuwa imekunjwa magotini. Pembeni alisimama Seline, mikono kiunoni.

"Hajjat alituma mtu saa saba," Seline akasema. "Kuuliza kama ulifunga. Ametuambia yote, Ken, na hakuna aliyejua mjini unapigia wapi. Tumekaa hapa na dada yako tukiangalia jua."

"Nilichelewa kidogo tu. Risper, imba. Jaribu kidogo tu, utaona."

Risper akasimama. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu hadi mafuvuni, hadi usoni. Kisha akavuta pumzi kama alivyovuta miaka yote akiwa mbele ya kwaya, akafungua kinywa, na ikatoka sauti pekee iliyokuwa imebaki ndani yake.

Mssssss.

Ilikuwa ndefu kuliko zote, na Ken aliijua, kila sehemu yake. Mpaka leo hajathubutu kuuliza ni nani aliyemsonya, dada yake au lile jini.